Ufunguo wa Mjomba

Chumba cha Kufunga Vitabu,
Maktaba Kuu,
Tarehe 12 Machi.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua. Shemeji na mapacha wameshazoea baridi ya huko? Sisi hatujambo. Dada bado anashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu, nami bado nanuka gundi kutwa nzima.

Lakini hatujambo kwa mwili tu. Keti kwanza, Kaka, ndipo uendelee kusoma.

Wiki iliyopita nililetewa rundo la magazeti ya zamani niyashone yawe vitabu. Yalikuwa ya mwaka ule kiwanda cha magodoro kilipoungua. La kwanza kabisa ni lile lile tulilolisoma mezani nikiwa na miaka kumi: "BAWABU AKIMBIA NA UFUNGUO, KUMI NA WANNE WATEKETEA." Na picha ya Mjomba akikimbia, ufunguo mkononi.

Unakumbuka tulivyoipokea. Wewe ulilichana lile gazeti. Mimi niliacha kumwamkia. Nilipokua nikasema woga ni wa kila binadamu, nikamsamehe kimoyomoyo, na nikajiona mwema sana.

Kazi yangu ni kuhesabu kurasa, si kusoma. Lakini katika gazeti la miezi mitano baadaye, ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la redio, macho yalinasa habari fupi isiyozidi kiganja. Uchunguzi uligundua kwamba mlango wa nyuma ulikuwa umechomelewa kwa amri ya mwenye kiwanda, eti magodoro yasiibwe. Ufunguo usingesaidia kitu.

Nilisoma mara tatu. Gundi ikakauka kwenye brashi. Habari hiyo ilipotoka, kwetu tulikuwa tumeshaacha kununua gazeti.

Niliomba ruhusa mchana ule ule nikaenda kwa Mjomba, pale anaposhona viatu sokoni. Nilimwamkia, akaitikia. Nikampa nakala ya habari ile. Akavaa miwani, akasoma polepole, akanirudishia.

"Naijua," akasema.

"Sasa mbona hukutuambia, Mjomba?"

"Niliwaambia siku ile ile. Mlikuwa mnasoma gazeti."

Akaendelea kugonga misumari huku akinisimulia, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Moto ulikuwa umeziba mlango wa mbele, akazunguka nyuma. Kufuli alilifungua. Mlango haukusogea. Aliusukuma mpaka bega likateguka, na ndani watu wakimwita kwa jina. Simu ilikuwa ofisini, na ofisi inawaka, basi akakimbia kwa miguu hadi kituo cha zimamoto, ufunguo mkononi bila hata kujua kwamba anao. Hapo ndipo alipopigwa picha. Alirudi akiwa juu ya gari la zimamoto. Hapo hakuna aliyempiga picha.

Kaka, lile bega lake lililoinama, ambalo mimi na wewe tulikuwa tukilicheka na kuliita bega la mkosaji. Mlango ule ndio uliolitegua.

Bado sijatulia. Waandishi waliandika walichokiona asubuhi ile, sawa. Mimi nimekaa na habari hiyo miaka ishirini na mitatu, kila nikiongeza umri nadhani naielewa zaidi, kumbe nilikuwa namsamehe mtu kosa ambalo hakulitenda.

Na mazishi ya Mama je? Alikuwa dada wa Mjomba, wa tumbo moja, nawe ukamzuia Mjomba mlangoni, akasimama barabarani mpaka tukamaliza. Nilikuwa nyuma yako. Sikusema kitu.

Nilimwambia Mjomba kwamba nitakueleza yote, nawe utamwandikia kumwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Ya kuandikwa nimeshasoma ya kutosha," akasema. "Mwambie aje."

Mwezi wa sita anatimiza miaka sabini na sita.

Dada anakusalimu; nilipomsomea ile habari aliizima cherehani, akatoka nje, na tangu hapo kila jioni anapitia sokoni. Shangazi naye anakusalimu. Nibusie mapacha, na umpe shemeji salamu zangu zote. Mungu awafunike kwa afya, na akufungulie safari.

Ni mimi nisiyechoka kukupenda,
Kitindamimba wenu.