Viti Vitatu vya Mbele

Baba Goodness,

Nimekwenda masomo ya jioni. Maharage yamo kwenye sufuria, yapashe moto. Kuku wafungie mapema.

Asubuhi nilikuuliza kwa upole tu: kanisa lenyewe limeandika kwenye kitabu cha masomo kwamba nabii wetu wa kwanza alikuwa na wake wengi, mbona sisi Wamormoni wa hapa Iringa hatusemi? Ukanijibu, "Wengine walikuwa wake wa kiroho tu, mama. Jumapili ukifundisha, ruka ukurasa huo." Basi na ugali wako wa leo ni wa kiroho.

Lakini baba yako kule Kilolo ulimwambia amwache kwanza bi mdogo, ndipo abatizwe. Mzee wa watu alilia. Bi mdogo ndiye anayemwogesha.

~~Sawa, nitauruka.~~

Nimesali, nikasali tena. Jumapili nitausoma ukurasa wote, na mzee nimemwalika. Atakuja na wake zake wawili, kwa hiyo piga pasi shati lako ukawawekee viti vitatu mbele.

Unga umo kwenye ndoo ya bluu. Songa mwenyewe.

Mama Goodness