Mrehani Nilioulewesha Maji

Migori,
Alhamisi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Miguu yako naishika kutoka huku mbali. Je, kifua kimepoa? Na goti la Bibi linamruhusu kushuka ngazi? Mimi na mkweo Salim viungo ni vizima, tunamshukuru Mungu.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita, na siku zote hizi naikunjua na kuikunja. Umeniuliza neno moja tu: je, umlete Zuhura akae nami? Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lililonijia kwanza lilikuwa "mlete leo hii", na mdogo wangu yumo darasa la saba.

Nimekuficha mengi, mama. Barua zangu za nyuma zilijaa uzima wa uongo. Upweke umenikalia kifuani. Salim akifungua duka asubuhi simwoni mpaka Isha, na siku za soko huenda Homa Bay na vitenge, au Isebania kutafuta mali, akalala huko huko. Majirani wanaongea Kijaluo, nami najua kusema "amosi" tu, yaani nakusalimu, kisha nanyamaza. Kuna siku ilipita kutwa sijasikia sauti yangu mwenyewe, nikakohoa makusudi.

Kilichonishika mkono ni mrehani. Zile mbegu ulizonifungia kwenye karatasi nilizipanda nje, mbuzi wakala. Nikapanda nyingine kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaliweka ndani, dirishani. Ulipoota, chumba kizima kikanukia kama kwetu Malindi. Nikawa na kitu cha kuamkia. Nikaunywesha asubuhi, nikaunywesha adhuhuri, na upweke ukizidi nikaunywesha tena. Ukanyong'onyea, majani yakawa manjano. Nikalia, mama. Nililia kwa sauti, kwa ajili ya kopo la udongo.

Kumbe huku mtu akilia hivyo ni msiba, na jirani hangoji kuitwa, huja mbio. Mama Atieno, anayeuza omena, dagaa wa ziwani, nyumba ya pili, aliingia bila hodi. Nyuma yake wanawake watatu, mmoja ameshaanza kuomboleza.

"Woi! Nani amekufa?"

Nikawaonyesha kopo. Mama Atieno akalitazama, akanitazama.

"Ati hii? Hii si ni bwar? Inamea tu kwa shamba, hata ng'ombe haitaki! Na wewe unalilia?" Akatia kidole kwenye udongo. "Umeua na maji. Toboa kopo hapa chini. Maji leo, ingine baada ya siku tatu, basi."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Yule aliyeomboleza alijipangusa machozi akacheka kuliko wote. Nikawapikia chai ya tangawizi, wageni wangu wa kwanza tangu nifike.

Sasa nina makopo manne. Mrehani umechipua tena, na Mama Atieno ameniletea shubiri kwenye sufuria mbovu. Nikipangusa vumbi majanini moyo hutulia. Nakula, na usingizi umerudi. Salim hunitania kila asubuhi, "Msitu umeamkaje?" Lakini sikudanganyi tena: upweke haujaondoka, umepungua makali tu. Majani hayajibu. Alasiri, saa zenu za kahawa barazani, mimi bado hugeuza uso ukutani.

Basi jibu langu: Zuhura asije. Akija atanichekesha, tutalala kitanda kimoja tukipiga soga, na shule itamwishia hapo. Mimi nilitolewa darasa hilo hilo nikamliwaze shangazi Mwanaisha alipofiwa na mumewe. Alinipenda sana. Sikurudi shule.

Nisalimie Bibi, na mjomba Athumani aniombee dua. Shangazi mpe salamu za upendo, na sehemu hii usimsomee.

Zuhura mwambie nimesema asome. Usimwambie kwamba nilimtaka.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Rukia