Pilau ya Matanga Yako na Septiki Yetu

Mama yangu mpendwa,

Hatujaondoa hata matanga yako, choo kikakataa kuteremsha maji. Nyumba imejaa wageni kutoka Matuga mpaka Taru, na kaka Bakari, unamjua kwa pupa, akatangaza kwamba septiki imezeeka, ichimbwe nyingine. Wapi? Karibu na kisima, maana hapa Msambweni kiwanja chetu kilichobaki ndicho hicho. Kisima ambacho mtaa mzima huchota! Nilikataa mbele za watu.

Nilikataa kwa kuwa nilikuona ukiitunza. Majirani walipoweka vigae juu ya mifuniko ya septiki zao, wakaona haya kujulikana zilipo, wewe wetu uliuacha wazi. Kila baada ya miaka michache, Ramadhani ikikaribia, uliita gari la kunyonya majitaka. Marehemu baba alikutania kwamba unakiandalia choo futari.

"Wewe cheka," ulimwambia, "siku kikifurika utanikuta kwetu."

Nami ulinikalisha uani nipanguse mafuta ya sufuria kwa jivu kabla ya kuziosha, na maji yake tukayamwaga migombani. Nilinung'unika, nawe ukajifanya husikii.

Basi tukafunua. Fundi wa Ukunda, mtu wa bara, alizigonga kuta, akachungulia, akainuka akitabasamu.

"Hii tangi iko sawa kabisa, madam. Itaishi kuliko sisi. Ni mafuta tu imefunga paipu."

Mafuta ya pilau ya matanga yako, Mama! Wapishi walikuwa wameosha yale masufuria makubwa kwenye sinki la jikoni. Nilicheka mpaka watu wakadhani msiba umenipanda kichwani. Bomba likazibuliwa, kisima kikasalimika, na Bakari akaenda kulirudisha sururu aliloliazima.

Jana tulisoma hitima ya arobaini. Baada ya watu kula, nilimwona shangazi akielekea jikoni na sufuria.

"Uani, jamani! Uani!" nikapaza sauti kutoka ukumbini.

Aligeuka upesi, akanitazama, kisha akaketi palepale na sufuria yake mapajani.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilidhani wifi ananiita."

Nikakaa kando yake, tukalia.

Mungu akulaze pema, Mama. Nakukosa mno, lakini nyumba usiiwazie. Ina mwenyewe.

Binti yako, kitindamimba