Sauti ya Baba Mkutanoni

Volcano, Hawaii
Jumanne

Mdogo wangu Makoa,

Huku hatujambo. Mvua haikatiki, na poi yetu ya magimbi imechachuka vile unavyoipenda, ila wewe uko Las Vegas.

Jana nilimpeleka Baba kwenye mkutano wa kupunguza helikopta za watalii juu ya msitu. Tangu tumzike Mama, mwaka wa tatu huu, hajatamka neno. Bwana mmoja wa hifadhi akatusikilizisha kelele zilizonaswa na kinasa sauti walichokiweka msituni. Ikapita helikopta, ndege wakalia, kisha mtu akasema, "Haunani, mke wangu, Makoa hakuja kukuzika kwa sababu mimi ndiye nili..." Helikopta nyingine ikaimeza sauti.

Makoa, alikuwa Baba! Kumbe kila asubuhi huenda msituni kuongea na Mama. Miaka yote hii nimekulaumu wewe.

Rubani mmoja akacheka, "Mzee anaongea na miti?"

Baba akasimama, akamgeukia. "Naongea na mke wangu," akasema. "Na wewe hunipi nafasi nimalize."

Rubani akavua kofia. Kamati iliyoitisha mkutano ikapitisha kwamba helikopta zisiruke kabla ya saa nne asubuhi.

Baba amerudia ukimya wake. Leo nilimfuata mpaka ukingo wa msitu, nikasikia anakutaja, nikageuka nikarudi nyumbani. Yaliyobaki si yangu kuyasikia. Njoo, mdogo wangu, akuambie mwenyewe.

Dada yako anayekuomba radhi,
Puanani