Mnofu Usio na Ngozi

Jumanne, 6 Mei
Upepo wa kusi umechafua bahari, samaki haba. Nimeamka na homa. Nimemtuma Kadzo, mke wa mwanangu Karisa, akanunue pwani, akauze badala yangu. Kapata fungu la mchanganyiko, kakaanga, kajitwika sinia, kamaliza kuuza pale Gede. Anaringa. Nimemwacha aringe.

Jumanne, jioni
Nimekwenda kumwaga ndoo ya matumbo. Chini kuna ngozi nene isiyo magamba, na kichwa chenye meno manne mapana. Bunju. Sumu yake haiondoki kwa kukaangwa. Kadzo kakulia Ganze, mbali na bahari, kwenye mbuzi, bunju hamjui. Kamwona mnene, kamchuna.

Nimemuuliza mnofu kamuuzia nani. Kampa bure mamake Bi Tima, fundi cherehani wa Gede, kwa kuwa bikizee hana meno na mnofu ulikuwa laini.

Nimetaka kumzaba kofi. Nimetaka pia kuifukia ile ngozi ninyamaze. Nimempigia Bi Tima, simu haishikwi. Naita bodaboda.

Jumatano, 7 Mei
Nilimkuta bikizee midomo imekufa ganzi, kikombe hakishiki. Bi Tima akidhani ni kiharusi. Nikamwambia ni samaki wangu. Tukamkimbiza hospitali Malindi. Ngozi nilikuwa nayo mfukoni, nikamwonyesha daktari. Wamemtia mashine ya kupumulia.

Bi Tima hakupiga kelele. "Mama Karisa, mamangu akifa, usitie mguu matangani kwangu."

Alhamisi, 8 Mei
Bikizee hajafa. Hajajigeuza. Kadzo amefunga nguo zake kwenye leso, anataka kurudi kwao. Nimemfungua nguo, nikazirudisha kambani. Namchukia na namwonea huruma. Nilimtuma mimi.

Jumamosi, 10 Mei
Bikizee anapumua mwenyewe. Nimelia chooni.

Jumatatu, 12 Mei
Gede. Hakuna aliyesimama kununua. Habari imenitangulia. Samaki tumekula wenyewe, na majirani wa kwetu hawakutaka hata wa bure.

Jumatano, 14 Mei
Leo nimekwenda na Kadzo. Samaki ni changu wadogo, kila mmoja na kichwa chake na ngozi yake.

Adhuhuri kaja Bi Tima. Hakusalimu. Kachagua mmoja, kampa Kadzo. Kadzo kaelewa. Kamla pale pale, taratibu, mpaka mkia, Bi Tima amesimama anamtazama. Watu wa maduka ya jirani nao wanatazama.

Kisha Bi Tima kafungua kibakuli alichokuja nacho.

"Nichambulie miiba vizuri," kamwambia. "Mama hana meno."