Banda la Kivuli la Baba

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Tumemrudisha baba kutoka hospitali ya Mkomaindo. Upande wa kushoto haufanyi kazi, mdomo umepinda. Daktari kamwambia mama nyumbani ndo pazuri kwake sasa. Mama hakuuliza maana yake. Na mimi sikuuliza.

Chumbani joto. Bati likipata jua linalia juu — ti, ti, ti. Baba kanishika shati kwa mkono mzima, kasema kitu. Mama hakuelewa. Mi nilielewa. Uani. Anataka kukaa uani.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimembeba mgongoni. Mwepesi. Na anajua kwamba ni mwepesi.

Lakini uani hakuna kivuli tena. Mkorosho wake ulikauka kwa ule ugonjwa wa mikorosho, tukaukata, kimebaki kisiki. Nikawa nahamisha kiti kufuata kivuli cha nyumba. Saa sita kikaisha. Jua usoni, na mkono wa kujikinga ni mmoja. Nikamrudisha ndani. Akalia. Sijawahi kumwona analia.

Lazima nijenge kitu. Haraka.

Jumapili, 7 Septemba

Kaka Alfredi kaja kutoka Masasi mjini na turubai jipya, la bluu. Kasema nguzo nne, kamba, kazi imekwisha. Kweli rahisi. Tukaanza kulitandaza. Mama katoka jikoni na mwiko mkononi.

"Alfredi. Mnamuwahi baba yenu?"

Kaka kasema mama, hiki kivuli tu.

"Hapa Lupaso turubai linafungwa uani kwa nini? Nambie. Kabla ya jioni wanawake watakuja kulia msiba, wamejifunga kanga, unga kichwani. Wakimkuta anakunywa uji, niwaambie warudi nao?"

Kaka kaachia pembe ya turubai. Tulilisahau dirisha la baba. Lilikuwa wazi.

Mama kalikunja mwenyewe, kaliweka chini ya kitanda. Cha baba. Sijui kama aliwaza.

Jumatatu, 8 Septemba

Kaka kaondoka. Kasema basi atatuma bati. Nikamuuliza baba: bati? Kafumba macho. Bati analiangalia kutwa. Nikasema: nyasi? Kafumbua.

Nyasi za bondeni zimeungua, vijana walichoma wakitafuta panya wa kitoweo. Zilizobaki ni za Mzee Hamudi, mtani wa baba. Kazifunga mafungu, za kuezekea jiko lake. Itabidi nikaombe. Kuomba ndo shida yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Jana nilifika mlangoni kwa Mzee Hamudi nikarudi. Leo nimeenda tena.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kasiani. Jana ulikuja kuhesabu kuku wangu?"

Kumbe aliniona. Nikaanza kueleza, maneno yakaniishia njiani. Akamalizia mwenyewe. Kasema nyasi nichukue, jiko limezoea kunyeshewa. Kisha akaja mpaka kwa baba, kasimama mlangoni:

"We mzee, usife sijala yule jogoo wako. Chakula cha msiba mimi hakinipandi."

Baba kacheka kwa nusu ya mdomo. Mate yakamtoka. Mama akageukia ukuta.

Tunaezeka Jumamosi. Mzee Hamudi kasema watu atawaita yeye, mi nichimbe mashimo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilitaka kuchimba pale kwenye kisiki. Baba kakataa kwa kichwa. Kanyoosha kidole — huku pembeni, panapoonekana kutoka njiani. Anataka kuona wanaopita. Nimechimba hapo.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu wamejaa. Wanaume juu na chini ya banda, wanawake na masufuria makubwa. Jogoo kachinjwa, Mzee Hamudi kasimamia. Baba kwenye kiti, katikati ya nguzo. Mi juu, napokea mafungu ya nyasi.

Saa nne hivi tukasikia kilio njiani. Shangazi Dorika. Kaja kutoka Mnyambe kumjulia hali kaka yake. Kaona watu, kaona masufuria. Kajitupa chini palepale, mkoba huku, kiatu kule.

Mzee Hamudi kamkimbilia. "Mama we, maiti yako inasubiri supu! Nyamaza!" Watu wakacheka. Shangazi akainuka, akaja mpaka kwenye kiti, akamshika baba uso. Kwikwi bado inamkata. Wanawake wakamwambia yaishe, dada, si umemwona, basi.

Baba kainua mkono mzima. Kasema kitu. Wote wakaangaliana. Mama akaniangalia mimi, juu.

Sijawahi kusema mbele za watu. Nikasema.

"Baba anasema mwacheni. Shangazi aendelee. Anataka kusikia."

Mzee Hamudi akasogea kumpisha.

Shangazi akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza upya. Taratibu, kama wanavyolia kwenye msiba wenyewe. Kaka yangu, nyoka aliponiuma ulinibeba mgongoni kutoka shamba hadi kwa mganga. Kaka yangu, ulivua shati ukanifunga mguu. Nani atanibeba tena.

Sikujua kama baba aliwahi kumbeba mtu.

Nimeshuka kunywa maji, nimepita chumbani kuandika. Nje bado analia. Mama Pendo wa jirani naye kakaa chini. Sasa na mama — kafunga kanga kiunoni, kakaa. Upande mmoja wa banda haujaezekwa. Hakuna anayeniita nipande.

Namwona baba kupitia dirishani. Kafumba macho, anasikiliza. Kivuli kimemfika magotini.