Gunia la Tano

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na wote wanaolala chini ya paa lako. Ukiiona bahasha hii usianze kuuliza nani amekufa. Hajafa mtu. Mimi ni mzima, meno yamebaki sita lakini yanafanya kazi ya thelathini, na macho yangu bado yanauona msumari uliopinda nikiwa ng'ambo ya barabara. Mkono tu ndio umeanza kutetemeka, kwa hiyo maandishi haya yakienda kombo usidhani nimelewa. Shule unajua niliiacha darasa la tatu, mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha. Ningeweza kumwita mjukuu aniandikie, ila mambo mengine mtu huyaandika kwa mkono wake, hata kama mkono wenyewe ni wa ovyo.

Na wewe hali yako? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kila ukibeba matofali, umepona? Miaka ishirini na saba si michache, hata mgongo mbovu hupata nafasi ya kupona.

Habari za huku si nzuri. Shemeji yako ni mgonjwa. Baridi ya mji huu unaijua, nayo imemwingia kwenye viungo. Yule mwanamke aliyeshona sare za shule nzima kwa cherehani ya miguu, leo hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na kila asubuhi magoti yake yanagoma mpaka jua lifike dirishani. Daktari alisema vidonge atatoa, lakini dawa kubwa ni chumba kisiwe na baridi. Nimemkokota mgonjwa mwendo wote ule kwenda kuambiwa jambo ambalo hata paka analijua.

Basi mwanao mkubwa, kifungua mimba wangu, yule anayejiona msomi, akatuletea dude la umeme. Nalichukia lile dude kama ninavyochukia funza. Linanuka vumbi lililoungua. Linampasha mtu goti moja na kuliacha la pili likilia. Likiwashwa, taa ya sebuleni inafifia kama mtu anayekata roho, na ukilizima, baridi inarudi kabla hujafika mlangoni. Nilimwambia mwanao kwamba huo si moto, hiyo ni picha ya moto. Akanijibu eti, mzee, hii ndiyo teknolojia. Ananiambia mimi habari za teknolojia! Mimi niliyeunda redio ndani ya kopo la maziwa kabla sijamjua mama yake! Nikalibeba dude nikamrudishia mpaka kwake, nikamwambia akaangie mayai.

Ndipo nikakirudia kitanda chetu, kile tulichomjengea mama. Sina haja ya kukueleza, lakini nitaeleza kwa sababu napenda kulieleza jambo hili. Jiko liko nje ya ukuta, mdomo wake mdogo kama wa mtungi. Moshi haupandi juu ukapotea bure kama kwa watu wajinga. Unaingia ndani ya kitanda cha udongo, unapita kona tatu chini ya mgongo wa anayelala, unaacha joto lake lote humo, halafu ndipo unatoka kwenye dohani upande wa pili, umepoa kiasi kwamba nzi anaweza kuuoga. Vijiti vitatu vya unene wa kidole gumba jioni, na udongo unabaki na joto mpaka asubuhi. Vijiti vitatu! Sijasikia mpaka leo mtu aliyewaza zaidi ya hapo.

Chumba cha mama kilikuwa kimefungwa tangu tulipomzika. Nikakifungua, nikachukua nyundo, nikakibomoa kitanda kuanzia upande wa jiko. Uchafu niliokutana nao, mdogo wangu! Masizi yaliyochanganyika na unyevu yamekuwa kama makamasi meusi, yamechuruzika ndani ya njia ya moshi na kuganda. Mende wamefia humo, na wajukuu wao wamefia juu yao. Harufu yake ni ya kitu kilichoungua kikaoza, au kilichooza kikaungua, hata sijui. Nilitapika mara mbili, na mimi si mtu wa kutapika, mimi nimezibua vyoo vya hospitali nzima kwa mkono mtupu na mchana nikala.

Kwenye kona ya tatu nikaingiza mkono mpaka begani, nikashika kitu laini, nikakivuta. Gunia. Nusu yake imeungua ikawa mkaa, nusu ya pili imelowa masizi, na shingoni bado lina fundo lako lile la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini, ambalo sijaona mtu mwingine akilifunga.

Unakumbuka tulivyohangaika na zile kona. Mbao hazikubali kupinda, kwa hiyo magunia matano yalijazwa maranda, yakafungwa kamba ndefu shingoni, yakalazwa kwenye kona na kukandikwa udongo juu. Udongo ukikauka, unavuta kamba, gunia linatoka, njia inabaki wazi. Watu wote nimewaambia kwamba wazo hilo lilikuwa langu. Halikuwa langu. Lilikuwa lako.

Nililibeba lile gunia hivyo hivyo likichuruzika mpaka kitandani kwa shemeji yako, nikamwambia, na hapa naona kinyaa hata kuandika, nikamwambia atazame kazi ya shemeji yake, ameacha gunia zima ndani, ndiyo maana moshi ulirudi ukataka kumuua mama, na mimi si nilisema tangu zamani?

Aliomba miwani. Akaishika ile kamba kwa vidole vyake vilivyovimba, haikufika hata shubiri, akaniuliza ilikuwa na urefu gani mwanzo. Nikasema sijui. Akaniuliza kwa nini mtu afunge kamba kwenye gunia ambalo hana nia ya kulitoa. Nikasema akamuulize aliyefunga. Akaisogeza ncha dirishani, akaniambia polepole kwamba yeye ameshika mkasi miaka arobaini. Kamba iliyooza huwa na manyoya, akasema, iliyoungua huwa na donge gumu, na hii ni bapa. Hii imekatwa kwa kisu. Halafu akaniangalia. Ameniangalia kwa namna nyingi mwanamke yule tangu nimwoe, hata siku niliyolipua tangi la maji, lakini hajawahi kuniangalia hivyo. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye kitu kilichotolewa mle kitandani.

Basi sikiliza, maana nitaandika mara moja tu.

Asubuhi ile ulikwenda kwa mhunzi kuchukua kofia ya dohani. Uliniambia gunia la tano nisiliguse mpaka adhuhuri, udongo wa kona ile ulikuwa bado mbichi, na moto nisiwashe mpaka urudi. Maafisa niliowaalika waje kukikagua kitanda wakawahi. Walikuja saa nne na kamera yao, na mimi nilikuwa nimeshajigamba kwao kwamba kitanda changu ni laini kama yai. Nao wako barazani wanafuta viatu, mimi naona kamba inaning'inia kwenye lile tundu la miguuni kama mkia wa panya. Nikaivuta. Udongo juu ya kona ukaanza kufanya ufa. Nikaogopa ufa, mdogo wangu. Ufa tu. Nikatoa kisu nikaikata kamba, nikakisukumiza kipande ndani, nikaziba tundu kwa udongo na kulilainisha kwa kitambaa kilicholowa. Likapendeza sana. Nikajiambia maranda yataungua yenyewe. Mimi mjuzi wa moto, nikajisahaulisha kwamba maranda yasiyopata hewa hayaungui, yanafuka.

Nikawasha moto, mama akalala juu yake na gauni lake jipya, anamchekea mwenye kamera. Uliporudi ulikuta chumba kimejaa moshi wa manjano, ukaitupa kofia ya dohani uani, ukaingia ukamtoa mgongoni. Mkubwa wa maafisa akauliza ni kazi ya nani. Kidole changu kilikuelekea kabla mdomo haujafunguka. Nikasema mwashi amebana njia. Uliniuliza mbele yao kama niliyatoa magunia yote. Nikasema yote. Na mama, macho yanamtoka machozi, akakuambia mkono wako usiguse tena ukuta wake. Uliondoka na vumbi la safari lile lile ulilokuja nalo.

Magunia yaliyokuwa nyuma ya jiko yalikuwa manne. Niliyaona kila siku mpaka nikayachoma. Watu walipouliza kwa nini nimekiacha kitanda, nilisema dunia haijakomaa kuzipokea akili zangu, wakacheka, nikacheka. Kumbe nililinda gunia. Na mama alipokaribia kwenda aliniuliza kama mkono wako umepona. Hivyo ndivyo alivyosema, kana kwamba ni ugonjwa ulioupata. Ningeweza kumwambia hapo hapo kwamba haujawahi kuugua. Nilimpa maji anywe.

Nimesikia kwamba hujashika mwiko wa uashi tangu siku ile, kwamba unafungua na kufunga geti la watu. Wewe, ambaye ukuta wako ulikuwa hauhitaji timazi! Nilipoambiwa nilisema afadhali, na neno hilo nalo linaninuka mdomoni mpaka leo. Sasa nakwambia hivi: njia yako haikubanwa. Nimeipima kwa shubiri yangu kabla sijaendelea kubomoa, kona zote tatu, shubiri moja na nusu kama ulivyosema, haikupungua hata unene wa kucha. Ulijenga sawasawa.

Shemeji yako amesema hatakilalia kitanda hicho hata nikikijenga kwa dhahabu, mpaka wewe uyajue haya kutoka kwangu. Leo ni siku ya tisa. Siku ya nne nilikwenda kuliomba lile dude la umeme, nikameza maneno yangu yote mbele ya mwanao na kumweleza kila kitu. Akanipa. Mama yake akakataa lisiwashwe, akasema baridi ibaki ili niisikie. Naisikia. Nasikia meno yake yakigongana chini ya mablanketi mawili na koti la mwanao. Juzi mwanao akaleta toroli la udongo wa mfinyanzi, akalimwaga uani, akaondoka bila hata kuniamkia.

Lile gunia nimelitundika kwenye ua upande wa barabara. Linanuka, wapita njia wanaziba pua na kuuliza ni mzoga gani. Namwambia kila anayeuliza. Wa kwanza nilimwambia nusu, nikamkimbilia mpaka kona ya duka nikammalizia.

Kitanda nimejaribu kukijenga upya. Kona ya kwanza imesimama, ya pili imesimama, na si kwa kujisifu. Ya tatu imeanguka mara mbili, na sasa imesimama kama mlevi aliyeegemea mlango. Mimi kuomba msamaha sijui, sikujifunza nilipokuwa kijana na sasa ulimi umekuwa mgumu. Nakuomba kona ya tatu. Ukikataa, nitajua umekataa kwa haki, na nitaendelea kuijenga na kuiangusha mpaka mmoja wetu achoke, mimi au udongo.

Humu ndani nimekukunjia ile ncha ya kamba pamoja na fundo lako. Usiinuse. Itazame tu.

Msalimie mkeo. Watoto wako, ambao wengine sijawatia machoni, waambie baba yao mkubwa ni mtu wa kuchukiza lakini hajafa. Shemeji yako anakusalimu sana, salamu hizo amezituma mwenyewe kwa sauti kutoka chumbani, nimeziandika kama zilivyo.

Kofia ya dohani iko hapa. Ilibaki pale pale ulipoitupa, ikageuka juu chini, na kwa miaka hii yote kuku wamekuwa wakinywea maji. Jana nimeisugua kwa mchanga mpaka bati likaonekana. Kuku nimewapa sufuria.

Kaka yako,
Majaribio